Mrija Mmoja Tu

Nimeambiwa niombe radhi kwa kunyakua maiki kwenye mazishi ya Chifu. Siombi. Wazee wa ukoo wametuma mtu, kamati ya mazishi imetuma mtu, na mama mkwe wangu, ambaye huweka amani mbele ya chakula, amekaa jikoni kwangu akinieleza kwamba si vizuri mwanamke aliyeolewa hapa, tena mtu wa kutoka Kitale, kumkatiza mgeni wa heshima mbele ya jeneza. Wote nimewapikia chai, na wote nimewapa jibu moja.

Mgeni mwenyewe alisema nini? Alisimama chini ya hema, akajipapasa tumbo, akasema, "Mzee wetu alikuwa anakunywa kidogo, kila siku, na mnaona vile amekula chumvi nyingi. Vijana, igeni hii. Kidogo ni dawa ya moyo." Watu wakapiga makofi. Wanaume wa nyuma wakacheka kile kicheko cha mtu aliyepewa ruhusa. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa ameketi katikati yao, mikono magotini, na yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti changu.

Sasa wacha niwaeleze huyo Chifu jinsi nilivyomjua, maana waliomsifia siku ile walimsifia mtu mwingine. Kwanza hakuwahi kuwa chifu. Alikuwa naibu wa chifu, akastaafu akiwa naibu, lakini huku kwetu Sirisia aliyewahi kuvaa ile kofia ya kaki huitwa Chifu mpaka anafukiwa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wetu. Nilipoolewa nikaja na masanduku yangu kutoka Kitale, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitania. "Watu wa Kitale nawajua," alisema. "Mnapanda mahindi hadi kwenye kaburi. Hapa utaacha kidogo ng'ombe apite." Mwaka uliofuata nilipanda mahindi hadi kwenye ua wake, na akanisifu.

Alipokuwa kazini alikuwa adui mkubwa wa pombe. Alimwaga busaa, ile pombe ya nafaka, ya wanawake wa lokesheni nzima, akapindua vyungu kwa mguu, akaacha vijito vya rangi ya uji vikielekea barabarani. Wapishi walificha vyungu chini ya vitanda, ndani ya matanuri ya matofali, hata nyuma ya madhabahu ya kanisa moja nisilolitaja. Alivipata vyote. Siri yake aliniambia baadaye: hakutafuta vyungu, alitafuta bata. Mpishi wa busaa akishakamua pombe humwaga machicha, na bata hawajui kujizuia. "Ukiona bata anatembea kama karani siku ya mshahara," alisema, "ingia hiyo boma."

Alipostaafu, kitu cha kwanza alichojenga ni kibanda cha mviringo chenye paa la nyasi, na katikati yake akaweka chungu. Na busaa aliinunua kwa wale wale wanawake aliowamwagia. Mmoja wao, bibi kizee mwenye ulimi mkali, bado huisimulia kwa l na r zake zisizojali mipaka: "Huyu mtu arikuwa anamwaga yangu na mguu. Sasa anarudi na ndoo, ati nimuuzie. Nikamuuriza, mguu umereta?" Chifu hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemcheka: "Sheria ilikuwa ya serikali. Kiu ilikuwa yangu."

Mpaka leo sijui kama huo ni unafiki au ni ukweli wa aina yake. Chang'aa, ile pombe kali ya kukeneka, aliichukia hadi mwisho; hata akiwa mstaafu alimfukuza muuzaji mmoja sokoni kwa bakora, naye huyo muuzaji alikuwa binamu yake. Kanisani alikaa benchi la mwisho kila Jumapili, kofia ikiwa pajani. Wazee wa kanisa walimzuia kusoma Neno kwa sababu ya kile chungu. "Wamenikataza kusoma," alisema. "Hawajanikataza kusikia." Na alisikiliza kweli, Jumatatu alikuwa akiwauliza waliosoma maana ya walichosoma, nao wakamkwepa njiani.

Aliogopa sindano kuliko nyoka. Sukari ya kutia kwenye chai aliificha, hata mkewe hakujua ilipo. Lakini mtu akigombania mpaka wa shamba, Chifu aliamka kabla ya umande kukauka, akatembea kwa miguu mpaka kwenye shamba hilo, hata liwe kwenye miteremko ya kuelekea Kapsokwony ambako pikipiki zenyewe hulia. Boda boda hakupanda. Alisema hawezi kumpa mtu mwingine kazi ya miguu yake. Mezani kwake sikuwahi kukosa mboga za kienyeji, mrenda na sagaa, na mkewe alimwamuru kulala mapema kama mtoto wa shule. Haya yote mgeni wa heshima hakuyataja. Aliona chungu tu.

Anayeijua busaa ya huku anajua kwamba hainywewi kwa glasi. Chungu huwekwa katikati, wazee huketi kwa duara, na kila mmoja huwa na mrija wake mrefu unaopita juu ya magoti ya wenzake hadi kwenye chungu, nchani umesukwa kichujio ili machicha yasipande. Mrija ni wa mtu. Hauazimwi ovyo. Na kadiri pombe inavyopungua, mwenye nyumba humimina maji ya moto juu ya yale machicha, na chungu hujaa tena. Unavuta, unazungumza, unavuta. Hakuna anayeona kiwango kikishuka, kwa sababu hakishuki.

Baba Neema alikaa kwenye duara hilo kila jioni, na mimi sikulalamika. Alirudi nyumbani akitembea wima, hakunipiga, hakuuza ng'ombe, hakuamsha watoto. Nani angeniambia nilalamike? Shida ilikuja wakati wa kupalilia, alipoanguka katikati ya mistari ya mahindi akiwa na jembe mkononi. Tulimpeleka Kitale, kwa kuwa dada yangu anaishi huko na tungepata mahali pa kulala. Wakampima. Presha ilikuwa juu sana, na picha ilionyesha moyo umeanza kutanuka.

Daktari alikuwa msichana mpole, hakuwa mtu wa huku. Akamuuliza kama anakunywa pombe.

"Kidogo," akasema Baba Neema.

"Kidogo ni kiasi gani, baba?"

"Mrija mmoja tu, daktari."

Yule msichana akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nadhani alikuwa akiuona ule mrija wa soda. Nikasema, "Daktari, ngoja kidogo." Nikamweleza mrija wetu una urefu gani, umetumbukia kwenye nini, na unakaa mdomoni kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Baba Neema alinitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa na ndugu yake. Daktari akaweka kalamu chini.

"Baba, hiyo uache," akasema. "Kwa huu moyo wako, uache kabisa."

Baba Neema akatoa simu. Alikuwa na ujumbe wa WhatsApp, ule unaozunguka kila mahali, wenye picha ya glasi ya divai na moyo mwekundu, unaosema kidogo kila siku husafisha mishipa. Daktari aliusoma wote, hakumcheka. Akasema zamani hata wataalamu walikuwa wakisema hivyo, lakini walipoangalia vizuri hawakuupata ule uzuri waliodhani wameuona. Na kwamba yeye hawezi kumwambia mtu yeyote anywe kwa ajili ya afya. "Mtu akinywa kidogo kwa sababu anapenda, hayo ni yake," alisema. "Lakini asiite dawa. Na wewe baba, hata hicho kidogo hapana."

Tulirudi nyumbani, na hapo ndipo nilipojua kwamba daktari ameongea na ukuta. "Huyo ni mtoto," alisema Baba Neema. "Si hata wewe ulipojifungua Neema mama alikuletea bia nyeusi, ati iongeze damu? Na damu ikarudi." Nikamwambia damu ilirudishwa na maini na vidonge vya kliniki, bia nilimwagia mgomba. Hakusikia. Jioni alichukua mrija wake kwenye paa. "Angalia Chifu," alisema. "Miaka yote hiyo anavuta, na anatembea mpaka Kapsokwony. Angalia wazee wote wanaokaa pale. Kuna mgonjwa hata mmoja?" Akatoka. Nilibaki nimesimama mlangoni nikiwa na vile vidonge vya presha mkononi, na niliogopa kweli. Niliona watoto wangu bila baba, na sababu ya kukosa baba ikiwa ni mzee jirani ambaye hakumwambia mtu yeyote amfuate.

Asubuhi nilienda kwa Chifu. Alikuwa nje akipaka viatu mafuta. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye "mrija mmoja tu, daktari" alicheka mpaka akakohoa, mpaka mkewe akatoka kuangalia. Halafu akarudi kupaka kiatu kile kile kilichokwisha kung'aa.

"Kwa hivyo mimi ndio dawa," akasema.

"Ndivyo anavyosema, Chifu."

"Mimi?" Alikuwa amekasirika sasa. "Mimi dawa yangu nameza asubuhi, na maji. Hii ingine napenda tu. Ni tamu, na watu wanakuja tunaongea. Nani alimwambia nakunywa ndio nipone?" Akanyanyua kiatu, akakitazama, akakiweka. "Jumamosi uje. Ukae hapo mlangoni, usiseme kitu."

Jumamosi alasiri wazee walikuja kama kawaida, kila mmoja na mrija wake, na mimi nikaketi mlangoni nikichambua mboga za mkewe. Wengine walinitupia jicho, lakini nyumba ni ya Chifu na aliyenikaribisha ni Chifu. Wakaanza kuvuta. Wakazungumzia mbolea, na mbunge, na harusi ya mtu huko Moi's Bridge ambayo nyama haikutosha. Sufuria ya maji ya moto ilikuwa jikoni, na mkewe hakuileta. Niliona jinsi vichujio vilivyoanza kusogea ndani ya chungu kutafuta. Kisha mirija ikaanza kutoa ule mlio wa mtoto anayemaliza uji.

"Chifu, bana," mmoja akasema. "Chungu kimekauka."

"Hakijakauka," Chifu akasema. "Kimenywewa."

"Sasa si mama alete maji?"

"Leo maji hakuna. Inameni muone." Wakainama, mmoja mmoja, watu wazima wale, na mume wangu akiwemo. Chini kulikuwa na machicha matupu, na chungu kile ni kikubwa hata ndama angelala ndani. Chifu akawatazama wakiinuka. "Nauliza tu," akasema. "Kila mtu hapa anakunywa kidogo. Mimi nakunywa kidogo, wewe unakunywa kidogo, Baba Neema alimwambia daktari ni mrija mmoja. Si ndio? Sasa ni nani amemaliza hii pombe? Ni bata?"

Baba Neema alikuwa akitazama ncha ya mrija wake.

Akasema, kwa sauti ya chini lakini ya ubishi, "Hata kama ni nyingi, Chifu. Sisi si wazima? Tuangalie wote tuliokaa hapa. Ingekuwa inaua, tungekuwa hapa?"

Chifu akanyoosha bakora yake juu ya vichwa vyao. Kwenye ukuta, chini ya paa, kulikuwa na mirija iliyoning'inizwa, mikavu, na utando wa buibui ukiiunganisha. Niliiona kila mara na sikuwahi kujiuliza. "Na hawa?" akasema. "Hawa walikuwa wanakaa wapi? Si kwa hii duara? Mtu akifa, mrija tunatundika, halafu tunasogeza kiti, duara inaonekana imejaa. Halafu mnaangaliana mnasema, ona, sisi wote ni wazima. Mgonjwa atakaa aje hapa? Mgonjwa alitoka."

Bakora ikasogea hadi kwenye mrija wa mwisho, ulio mpya kuliko mingine. "Huyu hajafa. Mnamjua. Ini liliharibika, daktari akamkataza, akaokoka. Sasa yuko kanisani, anahesabiwa na wale hawakunywi, na ni mgonjwa kila siku. Na nyinyi hapa mnasema, ati wasiokunywa ndio wanaugua. Si aliugulia hapa?" Akashusha bakora. "Mimi sijawafukuza. Kesho maji yataletwa. Lakini Baba Neema, usiseme tena ni mimi ninakuonyesha njia. Mimi moyo yangu bado. Yako wamepiga picha."

Baba Neema aliinuka. Nilidhani ataondoka kwa hasira, maana namjua. Alisimama pale, akafuta ncha ya mrija wake kwa shati, akampa Chifu. Chifu akaupokea kwa mikono miwili, akautundika ukutani pamoja na ile mingine. Wazee wakasogeza viti. Nilimwachia mkewe mboga zake nikaondoka mbele ya mume wangu ili asinione usoni.

Msinielewe vibaya: kuacha hakukuwa rahisi, na sitapamba. Busaa yenyewe haikumsumbua sana, aliwakosa watu. Jioni alizunguka boma akikagua kufuli ambazo hazikuwa na tatizo. Alinigombeza juu ya chumvi niliyopunguza. Wale wenzake wa duara walimpungia mkono kutoka mbali kama mtu mwenye tetekuwanga. Aliyekuja ni Chifu. Alikuja kila jioni kabla ya kwenda kwenye chungu chake mwenyewe, akaketi na Baba Neema, akanywa chai yetu bila sukari huku akiitukana, wakabishana kuhusu mipaka ya mashamba ya watu wengine. Halafu aliinuka, akasema, "Sasa naenda kwa yangu," akaenda. Hakujificha na hakujisifu. Baba Neema aliimeza dawa yake, na mwaka huu amepalilia mahindi yote mwenyewe. Presha tunaipima kwenye zahanati. Inapanda kidogo siku ambazo mbunge amekuja.

Ndiyo maana mgeni wa heshima aliposema kidogo ni dawa, na nikaona wale wanaume wa nyuma wakianza kumgusa mume wangu begani, "Umesikia, Baba Neema?", sikungoja aketi. Nilichosema kwenye maiki hakikuwa kirefu. Nilisema Chifu dawa yake alimeza asubuhi kwa maji, na hiyo nyingine aliipenda tu. Na kwamba aliyemfanya mfano wa kunywa aende kwanza kwenye kibanda chake ainue macho aangalie ukuta. Nilisema pia kwamba alitembea sana, alikula mboga, alilala mapema, na alikuwa na bahati ambayo wengine waliokunywa naye hawakuipata. Halafu nikarudisha maiki. Kama hayo ni matusi, basi marehemu ndiye aliyenifundisha.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa wiki chache kabla. Miguu ilikuwa imevimba, ile miguu yake ya Kapsokwony, na mkewe alikuwa amemtolea kiti kwenye mlango wa kibanda apate jua. Nilimpelekea ndizi. Ndani, chungu kilikuwa kimefunikwa. Nikamuuliza kama yeye naye sasa ameacha.

"Jana nilivuta," akasema. "Leo hainipendezi. Kesho sijui." Akatafuna ndizi polepole. "Daktari ameniambia ni vibaya. Nikamwambia, mimi sijabisha. Si nilikuwa chifu? Najua vile mtu anavunja sheria huku anaiheshimu."

"Ungeacha, Chifu. Tunakutaka bado."

"Mama Neema, mimi nimezeeka na kitu napenda. Hiyo ni shauri yangu. Lakini nikifa, hawa watu watasema pombe ndiyo iliniweka hai." Akatafuta pumzi. "Usiwakubalie. Wewe una mdomo, watu wa Kitale mna mdomo. Haikuniweka. Tulikaa tu nayo."

Nikamwahidi. Nilipoinuka kuaga alinishika mkono, akaniambia niingie ndani nimletee mrija, wa Baba Neema, ule wenye kichujio kilichosukwa kwa uzi mwekundu. Nilipanda juu ya kigoda nikautoa kwenye utando wa buibui. Nilipomletea hakuupokea. Alinirudishia kwa kunisukuma mkono.

"Peleka kwako. Nilikosea kuweka hapo. Ule ukuta ni wa watu wa kuugua na wa kufa, na yeye jana nimemsikia akifokea ng'ombe."

"Niufanyie nini, Chifu?"

"Panda maharagwe, yapande juu yake. Mimi najua?"

Nikaubeba. Mrija ule ni mrefu kuliko mimi, na malango yetu yote mawili yanatazama soko, na ilikuwa siku ya soko. Wanawake wakanitazama. Yule bibi kizee mpishi wa busaa alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya wimbi, akaniona, akajishika kiuno.

"Mama Neema," akaita, soko zima lisikie. "Hata wewe umeanza kurewa?"

"La, mama," nikamwambia. "Nimetoka kumchukua bwanangu."